Umekuja Tanga kikazi na huna hata nusu saa ya peke yako? Fanya hivi

Waja leo waondoka leo, ndivyo mji wetu unavyosifiwa, ila wewe uliyeletwa na kazi kutoka Mombasa, Kampala, Bujumbura au Goma huondoki leo. Unakaa siku tano, wengine kumi, na tangu pasipoti inapogongwa muhuri mpakani mpaka siku ya kurudi kuna mtu ubavuni kwako muda wote. Chai ya asubuhi mko kumi na mbili, kwenye Kosta mko kumi na mbili, semina mpaka saa kumi na moja, jioni mwenyeji kashaagiza samaki, ukirudi gesti mwenzako wa chumba yuko kwenye simu na mkewe mpaka saa sita usiku na wewe umelala umegeukia ukuta.

Mimi ni mtu wa hapahapa, nimezaliwa Ngamiani, na kazi yangu ni kupokea wageni wa mikutano, nawatafutia vyumba, gari, chakula, ukumbi. Kuna wanaokuja kwa mambo ya bandari, kuna wa bomba la mafuta lile linalotoka Hoima kule Uganda kilomita 1,443 mpaka Chongoleani hapa kwetu, kuna wa afya, wa kilimo, wa mashirika. Miaka tisa sasa niko nao, na nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba wengi kinachowamaliza zaidi ni kukosa pa kukaa wakanyamaza.

Nilikielewa hiki siku moja tu. Mchana wa saa saba, watu wako kwenye wali, mimi nikaenda kwenye Kosta kuchukua boksi la maji. Nafungua mlango namkuta dada mmoja, mhandisi, katoka Uganda, amekaa siti ya nyuma kabisa, mapazia kayafunga yote, viatu kavua kaviweka sawasawa pembeni, mikono mapajani. Hasinzii, hana simu, amekaa tu ndani ya lile joto la gari lililozimwa, jasho linamtiririka shingoni. Nikamuuliza dada unaumwa? Akaniambia hapana dada yangu, naomba dakika kumi tu, usimwambie mtu. Nikafunga mlango taratibu nikaondoka na boksi langu, na jioni nikaitoa ile ratiba niliyoiandika mwenyewe nikaisoma kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, hakuna hata mwanya wa robo saa ambao huyu mtu angekuwa peke yake, labda chooni. Iliniuma sana kwasababu mimi nilidhani ndio ukarimu.

Kwaiyo haya ninayokuandikia ni ya mtu anayekaa upande wa wenyeji, anayejua sisi tunawaza nini tunapokuona umekaa peke yako.

Kubwa kuliko yote: salimia kwanza. Najua inaonekana kinyume, mtu anataka kimya mimi namwambia afungue mdomo, ila Tanga ndivyo kulivyo. Mtu mzima akikaa peke yake kimya bila kusalimia mtu, sisi kichwani tunaanza kuuliza, huyu kafiwa? kapotea? kaibiwa? anaumwa? Na tukishajiuliza hatuwezi kunyamaza, lazima mmoja aje, alafu wa pili, na nusu saa yako imeisha. Lakini ukifika ukasalimia, wazee shikamoo, wenzio habari za hapa, mkajuana kwamba wewe ni mgeni na uko salama, basi wasiwasi unaisha na watu wanarudi kwenye mambo yao. Nimeona mgeni mmoja alikwenda bustani ya Jamhuri, ile ya juu inayotazama bandari, akapita wazee waliokaa pale kama hawaoni akaenda kukaa benchi la mwisho kainamisha kichwa, haikupita dakika tano wazee wawili wakainuka kumfuata, na walimfuata kwa huruma kabisa, wakidhani ana tatizo. Angesema shikamoo moja tu angeachwa mpaka magharibi.

Alafu maneno. Usimwambie mwenyeji wako "nataka kuwa peke yangu". Kwa masikio ya huku hayo ni maneno ya mtu aliyenuna au aliyepata msiba, na mwenyeji atakaa ajiulize kakukosea nini, atampigia bosi wako, bosi atakupigia wewe, yaani umejiongezea kazi. Sema unakwenda kupunga upepo. Hilo neno hapa ni pasi, kila mtu analijua, mtoto analijua, na hakuna anayeuliza kwanini mtu anapunga upepo. Ukiona halitoshi ongeza "na kunyoosha miguu, leo nimekaa sana". Na useme saa ya kurudi: "Kaka, naomba nikapunge upepo kidogo, saa moja niko hapa tule wote." Ukitaja kwamba utakula nao umewapoza kabisa, manake wasiwasi wetu mkubwa wenyeji ni kwamba mgeni atalala na njaa.

Wale wa Mombasa na Nairobi mna mtihani wenu wa ziada, ukifungua mdomo tu tunajua umetoka ng'ambo ya mpaka na maswali yanaanza, unga kwenu bei gani, siasa zinakwendaje, timu gani. Ukiitwa mgosi usishtuke, ndio jina la kila mwanaume hapa. Jibu maswali mawili kwa roho safi, la tatu ukiona linakuja sema "haya mgosi, nashukuru, acha nipunge upepo" na uondoke hatua kadhaa tu, sio mbali. Hakuna atakayeona umemkosea adabu.

Kingine ambacho watu hawakijui, shika kitu mkononi. Mtu aliyekaa na kikombe cha kahawa anakunywa kahawa, mtu aliyekaa na gazeti anasoma, mwenye tasbihi ndio kabisa hasogelewi, ila mtu aliyekaa mikono mitupu anasubiri mazungumzo. Mimi nawashauri wageni wangu wanunue chungwa. Machungwa ya Muheza yanafika mjini hapa matamu ajabu, muuzaji analimenya kwa kisu kikali maganda yanatoka utepe mmoja mrefu, linabaki na ngozi nyeupe, anakata kifuniko juu, unaminya taratibu unafyonza. Ukilila polepole chungwa moja linakupa robo saa nzima na hakuna mtu anayemuuliza mtu anayefyonza chungwa kama ana shida.

Sasa saa. Jioni usiitegemee, jioni ya Tanga ni ya watu. Wewe chukua alfajiri. Jua linatoka saa kumi na mbili na kitu, wenzako watashuka kwenye chai saa moja na nusu, hapo katikati kuna saa nzima ambayo hakuna aliyeipangia ratiba, na mimi nakwambia nenda Raskazone. Ni ile rasi inayotokeza baharini ukishapita Bombo hospitali, bajaji inakufikisha upesi, na kama umelala upande huo unatembea kwa miguu chini ya miti mikubwa. Hapo ndipo waliposhushwa askari wa Waingereza waliotoka India mwezi Novemba 1914 kuja kuuteka mji kwa Wajerumani, wakapigwa vibaya na wakarudi kwenye meli zao, na mpaka leo watu wanasimulia nyuki waliowavamia katikati ya vita. Asubuhi ukisimama pale huwezi kuamini, kuna ngalawa mbili tatu, kunguru, na maji.

Ila kabla hujaenda uliza maji. Hii wageni wa bara hamuizoei kabisa. Jioni kabla ya kulala muulize askari wa getini au mpishi, "kesho asubuhi maji yatakuwaje?" Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50, kwaiyo leo ukikuta maji yamekupwa alfajiri na mchanga umeenda mbali, baada ya wiki saa ileile utakuta yamejaa mpaka kwenye mawe na hamna pa kutembea. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanakwenda mbali sana na yanarudi juu sana, hizo ndizo asubuhi nzuri za kutembea kama yanakupwa, ila usisahau saa ukaenda mbali mpaka yakageuka. Maji mafu, yale ya siku za mwezi nusu, hayana shida, yanacheza palepale. Vaa yeboyebo au kiatu chochote cha plastiki, matumbawe yanakata na kuna tope upande wa mikoko.

Kama alfajiri huwezi, jua la mchana limekukuta mjini na una saa moja ya chakula, kula haraka uende maktaba ya mkoa. Ni jengo la miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, na raha yake ni kwamba pale kukaa kimya ni sheria, sio wewe unayejitenga. Salimia mtu wa mezani, chukua kitabu chochote, fungua, kaa. Usome usisome ni shauri yako. Waislamu wanajua tayari, kati ya adhuhuri na alasiri msikiti umepoa na mtu aliyeegemea nguzo hasumbuliwi na yeyote, na Wakristo nao kanisani siku za kazi mchana hakuna msongamano. Ila Ijumaa saa sita mpaka saa nane usipange kitu mjini, mji mzima unaelekea swala, na kama wewe huswali basi hiyo ndio zawadi yako, barabara zimetulia, kaa kivulini na upumue. Ukija mwezi wa Ramadhani mchana unakuwa mtulivu zaidi, usile wala kunywa hadharani tu, chungwa lako lisubiri chumbani.

Baiskeli. Hapa nataka nikae kidogo manake naona ndio siri kubwa ya mji huu. Tanga ni tambarare na tunaendesha baiskeli tangu babu zetu, mwalimu anaendesha, mama wa samaki anaendesha, kwaiyo mgeni kwenye baiskeli haonekani kama mgeni. Mwambie mtu wa mapokezi akutafutie ya kukodi au kuazima, siku hiyohiyo itapatikana. Ukishakuwa juu ya baiskeli mtu anakusalimia unaitikia huku unapita, salamu imekamilika pande zote mbili na hakuna aliyekusimamisha. Toka Chumbageni, pita Bombo, shuka Raskazone, geuka, rudi ukifuata bahari mpaka bustani ya Jamhuri, taratibu tu. Kagua breki kabla hujaondoka, binya zote mbili ukiwa umesimama. Na nyie mnaotoka Bujumbura na Goma tafadhali sana, kwenu mnapita kulia, hapa ni kushoto, kwenye njia panda akili ya mtu aliyechoka inarudi kwao. Nilishampeleka mgeni hospitali kwa hili, alivunjika kiwiko, kwaiyo naliandika kwa uchungu. Jioni usipite na baiskeli upande wa uwanja wa Mkwakwani kama timu yetu ya mpira, Coastal Union, wanacheza nyumbani, watu wanamwagika barabarani wote kwa pamoja.

Kama umebahatika Jumapili au nusu siku, Tongoni. Kama kilomita 17 kusini, barabara ya Pangani. Kuna gofu la msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, Waswahili waliozikwa pale waliishi kabla hata Wareno hawajaijua pwani hii, na kwenye miamba ya karibu ndipo meli moja ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilipokwama mwaka 1498, mwaka uliofuata wakati wa kurudi wakaichoma hukohuko kwasababu mabaharia walikuwa wamepungua. Mtunzaji akukute, umsikilize mpaka mwisho maelezo yake, ni mazuri, alafu umwombe ukae kidogo kivulini. Patana na bodaboda akusubiri na mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjaondoka mjini, la sivyo kila dakika tano atakuja kuchungulia kama umemaliza na utulivu utakuwa umeharibika.

Mapango ya Amboni kila mtu atakwambia uende, kilomita 8 tu kaskazini njia ya Mombasa, na kwa kweli ni ya ajabu, ila usiende ukitafuta ukimya. Unaongozwa mstari mmoja na tochi, kuna maelezo, kuna kuinama, kuna popo. Nenda siku nyingine na wenzako.

Usiku chumbani. Kama mnalala wawili ongea na mwenzako siku ya kwanza, usingoje mkereketane. Sio lazima iwe kikao, mwambie tu "ndugu yangu mimi nikitoka kazini huwa nanyamaza nusu saa, usidhani nimekasirika", na wewe mpe nusu saa yake ya kuongea na watu wake ukiwa umekaa nje. Nimeona watu wamekaa vizuri wiki mbili kwa maneno hayo tu. Ukipanga chumba mwenyewe omba cha nyuma, mbali na jenereta na mbali na ukumbi, Jumamosi hapa kuna harusi.

Simu ndio inayowaponza wengi. Unaweza ukawa Raskazone peke yako kabisa na bado ukawa na watu arobaini wa grupu la WhatsApp la kazini mfukoni. Andika kabla hujatoka, "natoka kidogo, nikirudi saa moja naangalia meseji", alafu zima kabisa, sio kuweka kimya, manake ikitetemeka tu utaitoa. Nyumbani nao waambie saa yako ya kupigiwa. Kenya na Uganda saa zetu ni sawa, ila Burundi na Goma mko nyuma yetu saa moja, watoto wakikupigia saa tatu usiku kwao, huku ni saa nne na wewe macho hayafunguki, na usipopokea wanaogopa.

Akina dada, mimi ni mwanamke na naongea na nyie moja kwa moja. Alfajiri subiri mwanga utoke, usiende ufukweni giza. Jioni jua likizama ondoka ufukweni hata kama kuna upepo mzuri kiasi gani. Mwambie mtu mmoja, mmoja tu, mama wa mapokezi anatosha, unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Pasipoti iache imefungiwa, tembea na kopi. Kitenge au mtandio begani unasaidia, wazee wanakuita mwanangu upesi zaidi, na ukishaitwa mwanangu na mzee wa sehemu ile vijana hawakusogelei.

Na nyie wenyeji wenzangu mnaopokea wageni, tuacheni mwanya. Mimi sikuhizi kwenye ratiba naandika kabisa saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu "kupunga upepo", na sipangi gari wala mtu wa kusindikiza. Wakati naanza bosi mmoja aliniuliza hii ni nini, wageni watatuona hatujali, nikamwambia tujaribu wiki moja. Sijawahi kuiondoa tena.

Yule dada wa Kosta nilimpeleka Raskazone kesho yake alfajiri. Nikamfundisha hayo ya salamu njiani kwenye bajaji. Kulikuwa na mzee ameketi kwenye ukingo wa ngalawa anashona wavu, dada akamwendea mwenyewe, akamwambia shikamoo kwa Kiswahili chake cha Kampala, nimekuja kupunga upepo. Mzee akaitikia marahaba mwanangu, akaonyesha kwa sindano upande wa baharini, akasema upepo huo, akarudi kwenye wavu wake. Mimi nikabaki juu barabarani kwenye bajaji. Maji yalikuwa yamekupwa. Alitembea mpaka nikawa namuona mdogo, akasimama na viatu mkononi, akakaa hivyo.